Kukompaili Vim mwenyewe: inapokwama na chanzo kilipo

Maelekezo rasmi ya kukompaili Vim (kihariri cha maandishi) kwenye Linux, yaani kuigeuza kutoka msimbo kuwa programu, ni mafupi: ingia folda ya `src`, andika `make`, kisha `sudo make install`. Hayasemi uongo. Ila yameandikiwa mtu ambaye mashine yake tayari ina kompaila na maktaba zote, na ambaye hajali kama Vim itakayotoka inaelewa Python au inaweza kunakili maandishi kwenda kwenye kivinjari. Wengi wetu hatukompaili kwa kujifurahisha. Tunakompaili kwa sababu Vim ya kwenye seva imezeeka na plagini fulani inadai toleo la 9.1, au kwa sababu kifurushi cha `vim` cha Ubuntu huja bila ubao wa kunakili (clipboard). Kama shida yako ni hiyo ya pili tu, sakinisha `vim-gtk3` uendelee na kazi zako. Inafanya kazi kwenye terminali vilevile, na huna haja ya kusoma yanayofuata.

Kazi nzima ina hatua mbili, na anayezichanganya huhangaika bure. Kwanza skripti iitwayo `configure` inapita kwenye mashine ikikagua: kompaila ipo? ncurses, maktaba ya kuchora kwenye terminali, ipo? Python ipo? Majibu inayaandika. Kisha `make` inakompaili kwa kufuata majibu hayo, bila kuuliza tena. Kwa hiyo kasoro unayoiona wakati wa `make`, au hata baada ya kusakinisha, mara nyingi iliamuliwa na `configure`, tena kimyakimya. Ukikwama, faili la kwanza kufungua ni `src/auto/config.log`. Ni refu na halipendezi, lakini ndani yake kuna kila jaribio na sababu ya kushindwa kwake.

Hizi ndizo amri ninazozichukulia kuwa msingi kwa Debian na Ubuntu. Dalili zote hapa chini zinadhania umeanza na kitu kinachofanana nazo:

```
sudo apt install git build-essential libncurses-dev \
  libx11-dev libxt-dev python3-dev
git clone --depth 1 https://github.com/vim/vim.git
cd vim/src
./configure --prefix=$HOME/.local --with-features=huge \
  --enable-python3interp --with-x --enable-fail-if-missing
make
make install
```

Nimeelekeza usakinishaji kwenye `$HOME/.local` makusudi. Huhitaji `sudo`, hugusi Vim ya mfumo, na ukiharibu unafuta bila kuathiri mtu mwingine kwenye seva.

## Kupakua kunakatika katikati

Dalili ni `RPC failed` ikifuatiwa na `early EOF`. Chanzo ni mtandao, si Vim. Tatizo la `git clone` ni kwamba haiendelei ilipoishia: ikikatika, unaanza upya, na bando limeshaliwa. Ndiyo sababu ya `--depth 1` hapo juu. Inaleta hali ya sasa ya msimbo tu, bila historia ya mabadiliko ya miaka yote, na `git pull` bado itafanya kazi baadaye. Ukitaka toleo maalumu badala ya la leo, ongeza jina lake, kwa mfano `--branch v9.1.0000`.

## "no acceptable C compiler found in $PATH"

Hakuna kompaila. `sudo apt install build-essential` kwa Debian na Ubuntu, `sudo dnf install gcc make` kwa Fedora, `xcode-select --install` kwa Mac. Kwenye Mac dalili hii hupenda kurudi baada ya kupandisha toleo la mfumo, safari hii ikiwa na sura ya `xcrun: error: invalid active developer path`. Dawa ni ileile.

## configure inasimama kwenye tgetent

```
checking for tgetent()... configure: error: NOT FOUND!
      You need to install a terminal library; for example ncurses.
```

Hapa watu hubishana na mashine: "Mbona ncurses ninayo?" Unayo kweli, la sivyo programu nyingi za terminali zisingefunguka. Ulichonacho ni maktaba ya kuendeshea programu zilizokwisha kukompailiwa. Kompaila inataka na faili za vichwa, zile zinazoishia na `.h`, na hizo huwa kwenye kifurushi kingine: `libncurses-dev` kwa Debian na Ubuntu, `ncurses-devel` kwa Fedora. Kanuni hii itakufaa kwa karibu kila maktaba nyingine: ukiambiwa kitu hakipo ilhali unakiona, tafuta ndugu yake mwenye `-dev` au `-devel`.

Wapo wanaopendekeza njia ya mkato, `sudo apt build-dep vim`, ambayo inaleta kila kitu mara moja. Ni nzuri, ila kwa wengi inajibu `You must put some 'deb-src' URIs in your sources.list`. Maana yake vyanzo vya msimbo havijawashwa. Kwenye Ubuntu 24.04 fungua `/etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources`, pale palipoandikwa `Types: deb` paandike `Types: deb deb-src`, kisha `sudo apt update`. Jihadhari tu: inaleta vifurushi vingi kuliko unavyohitaji.

## Imekompailiwa bila kosa lolote, lakini -python3

Hii ndiyo dalili inayowasumbua wengi, kwa sababu hakuna kosa la kusoma. Kila kitu kimepita salama, umesakinisha, unafungua plagini yako, nayo inasema inahitaji Python. Usisubiri kufika huko. Baada ya `make`, kabla ya kusakinisha, uliza:

```
./vim --version | grep -o '[+-]python3[^ ]*'
```

Ukiona `+python3` au `+python3/dyn`, uko salama. Ukiona `-python3`, kuna vyanzo vinne, na ni vyema kuvipitia kwa mpangilio huu.

Cha kwanza ni jina la chaguo kukosewa. `configure` haikatai chaguo isilolijua. Inatoa onyo moja, `WARNING: unrecognized options`, kisha inaendelea kana kwamba hukusema kitu. Andika `--enable-python3` badala ya `--enable-python3interp` na utapata Vim isiyo na Python bila ugomvi wowote. Onyo lenyewe hutokea mwanzoni na mwishoni mwa mamia ya mistari ya `checking`, kwa hiyo pandisha terminali juu usome.

Cha pili ni kukosekana kwa `python3-dev`. Bila kifurushi hicho `configure` inaiona Python, inashindwa kupata folda yake ya usanidi, na inaamua kuiacha. Kwa chaguo-msingi hilo si kosa. Ni taarifa tu. Hapa ndipo `--enable-fail-if-missing` inapolipa: ukiiweka, `configure` inasimama na kulalamika pale lugha uliyoiomba, iwe Python, Lua au Ruby, isipopatikana. Sielewi kwa nini maelekezo mengi yanayozunguka hayaitaji. Iweke kila mara. Ila kumbuka haikuokoi na kosa la herufi la hapo juu, maana chaguo lililokosewa halihesabiki kuwa umeomba.

Cha tatu ni maelekezo ya zamani. Ukinakili mahali penye `--with-python-config-dir=/usr/lib/python2.7/config`, unafuata ramani ya mji uliokwisha kuhama. Python 2 ilifikia mwisho wa matunzo tarehe 1 Januari 2020, na Debian 12 na Ubuntu 24.04 hazina tena kifurushi chake. Hata chaguo la `--with-python3-config-dir` siku hizi huna sababu ya kulitumia. `Configure` inaiuliza Python yenyewe iko wapi. Kadiri amri uliyoikuta ilivyo na njia ndefu za folda za mtu mwingine, ndivyo unavyopaswa kuishuku.

Cha nne kinastahili kichwa chake.

## Nimesakinisha kilichokosekana, bado inasema hakipo

Vim huweka majibu ya `configure` kwenye kumbukumbu, faili liitwalo `auto/config.cache`. Uliendesha mara ya kwanza bila `python3-dev`, jibu likaandikwa "hakuna". Sasa umeisakinisha, unaendesha tena, na `configure` haiangalii mashine. Inasoma jibu la zamani. Ushahidi ni neno `(cached)` kwenye mistari ya `checking`. Futa kumbukumbu:

```
make distclean
```

kisha `./configure` na chaguo zako zote tena. Zote. Hapa pana mtego wa pili ambao maelekezo hayausemi kwa sauti. Kuna njia mbili za kuipa Vim chaguo: kuziandika kwenye amri ya `./configure`, au kufungua `src/Makefile` na kuondoa alama ya `#` mbele ya mistari kama `CONF_OPT_PYTHON3`. Ukitumia njia ya kwanza, kisha ukaandika `make reconfig` kama watu wengi wanavyoshauri, usanidi unafanyika upya kwa chaguo zilizo ndani ya Makefile, si zile ulizoandika kwa mkono. Ulizoandika zinapotea bila taarifa. Vivyo hivyo kwa `make distclean` ikifuatiwa moja kwa moja na `make`.

Chagua njia moja. Mimi napendelea kuandika amri nzima ya `./configure` kwenye faili dogo la `jenga.sh` nje ya folda ya Vim, kwa sababu Makefile niliyoibadilisha itagombana na `git pull` siku msimbo mpya utakapoigusa.

## "libpython3.11.so.1.0: cannot open shared object file"

Namba ya toleo inaweza kutofautiana. Vim imekompailiwa, ina `+python3`, lakini haifunguki. Kama unatumia Conda (programu ya kusimamia Python na vifurushi vyake), karibu hakika ndiyo chanzo: mazingira yake yalikuwa wazi wakati wa `configure`, amri ya `python3` ikaelekea kwake, na Vim ikaunganishwa na maktaba ambayo mfumo hauijui. Funga mazingira hayo (`conda deactivate`, rudia hadi jina litoke kwenye terminali), fanya `make distclean`, kisha ongeza `--with-python3-command=/usr/bin/python3`. Kuthibitisha, `ldd ./vim | grep python` inapaswa kuonyesha njia iliyo chini ya `/lib` au `/usr/lib`, si ndani ya folda yako ya nyumbani.

Dalili hiyohiyo hujitokeza baada ya kupandisha toleo zima la Ubuntu: Python ya zamani imeondolewa, Vim yako bado inaitafuta. Kompaili upya.

## Amri ya `"+y` hainakili chochote nje ya Vim

```
./vim --version | grep -o '[+-]xterm_clipboard\|[+-]clipboard'
```

Alama za kutoa zikiwa mbele ya yote mawili, X, mfumo wa madirisha wa Linux, haikupatikana. Mara nyingi anayekosekana ni `libxt-dev`. Watu huweka `libx11-dev` na kudhani inatosha. Usitegemee `--enable-fail-if-missing` ikulinde hapa, kagua kwa macho. Na kama uko kwenye seva ya mbali kupitia SSH, hata `+clipboard` haitakusaidia bila X kupitishwa (`ssh -X`), kwa sababu ubao wa kunakili uko kwenye kompyuta iliyo mbele yako, si kule.

Ukitaka na dirisha la `gvim`, ongeza `libgtk-3-dev` na `--enable-gui=gtk3`. Bila hivyo `vim -g`, amri ya kufungua dirisha hilo, itakujibu `E25: GUI cannot be used: Not enabled at compile time`, na ujumbe huo angalau unajieleza.

## Permission denied, ^M, na saa isiyo sawa

Nakusanya haya pamoja kwa sababu chanzo chake si Vim, bali namna faili zilivyoshughulikiwa au mashine yenyewe.

Kama `./configure` inasema `Permission denied` mara baada ya kuhamisha folda kwa flashi, flashi hiyo imeumbizwa kwa FAT au exFAT, nazo hazitunzi ruhusa za faili za Linux. Kama inasema `bad interpreter` na kuna `^M` karibu, faili zimepita Windows na mwisho wa mistari umebadilishwa. Hutokea sana kwa wanaopakua kwa Git ya Windows halafu wanakompaili ndani ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows). Usihangaike kurekebisha faili mojamoja. Hamisha msimbo ukiwa ndani ya kifurushi cha `tar`, au upakue upya ukiwa ndani ya Linux yenyewe.

Kama `make` inakataliwa kuandika faili za `.o` ambazo jana iliziandika, uliwahi kuandika `sudo make`. Faili sasa ni za root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. `sudo chown -R $USER .` ukiwa kwenye folda kuu ya `vim`, basi. `sudo` ina kazi kwenye `make install` tu, na hata hapo ni pale unaposakinisha kwenye `/usr/local`.

`Clock skew detected` maana yake saa ya mashine imerudi nyuma, jambo la kawaida kwenye kompyuta ambazo betri ya ubao mama imekufa. `make` huamua nini cha kukompaili kwa kulinganisha muda wa faili, kwa hiyo sahihisha saa kwanza, halafu `make clean`.

## make test inashindwa

Si lazima uiendeshe, na ikishindwa si lazima Vim yako iwe mbovu. Majaribio mengine hutegemea ukubwa wa terminali na lugha ya mfumo, na mengine hayapendi kuendeshwa na root. Panua dirisha, toka kwenye root, jaribu tena. Yakibaki machache yasiyohusu kitu unachotumia, endelea.

## Nimesakinisha, lakini inafunguka ile ya zamani

Anza na `type -a vim`. Itaorodhesha kila `vim` iliyo kwenye njia yako, kwa mpangilio wa kutafutwa.

Kama mpya iko juu kwenye orodha na bado inafunguka ya zamani, bash imekumbuka mahali pa zamani. `hash -r`, au fungua terminali mpya. Kama mpya haimo kabisa, `~/.local/bin` haiko kwenye `PATH`, orodha ya folda ambamo amri hutafutwa. Kwenye Ubuntu, `~/.profile` huiongeza yenyewe, lakini ikiwa tu folda hiyo ilikuwapo ulipoingia. Kama imeundwa leo na `make install`, toka kwenye akaunti uingie tena. Na ukiandika `sudo vim` utaletewa ile ya mfumo, kwa kuwa `sudo` ina orodha yake ya njia isiyojua folda yako ya nyumbani.

Njia nyepesi ya kuhakikisha ni kufungua Vim bila faili. Skrini ya kwanza inaandika toleo, jina la Bram Moolenaar aliyeitoa mara ya kwanza mwaka 1991, na kwa miaka mingi pia ombi la kusaidia watoto wa Uganda. Si tangazo la bahati mbaya. Moolenaar, aliyefariki Agosti 2023, alijitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994, na tangu hapo akawaomba watumiaji wa Vim wachangie kituo cha watoto cha huko badala ya kumlipa yeye. `:help uganda` ina habari nzima.

## E484: Can't open file .../syntax/syntax.vim

Vim ni programu moja pamoja na folda kubwa ya faili za msaada, rangi na sintaksia, iitwayo runtime. Njia ya kufikia folda hiyo huchapwa ndani ya programu wakati wa kukompaili, kutokana na `--prefix`. Kwa hiyo ukiendesha `./vim` kutoka `src` kabla ya `make install`, au ukiihamisha programu peke yake kwenda mashine nyingine, haipati kitu. Kwa kujaribu kabla ya kusakinisha:

```
VIMRUNTIME=../runtime ./vim
```

Kama umesakinisha vizuri na kosa bado lipo, andika `:echo $VIMRUNTIME` ndani ya Vim. Kwa toleo la 9.1 inapaswa kuishia na `vim91`. Ikionyesha `/usr/share/vim/vim82` au kitu kama hicho, kuna anayeilazimisha. Tafuta kwa `env | grep VIM`, kisha kwenye `.bashrc`. Na kuna mahali pengine ambapo hakuna anayepakumbuka: ukifungua Vim mpya kutoka kwenye `:terminal` ya Vim ya zamani, inarithi `VIMRUNTIME` ya mama yake. Jaribu kutoka terminali ya kawaida.

## Inafanya kazi, lakini imebadilika tabia

Mipangilio uliyoizoea huenda haikuwa yako. Vim ya Debian husoma `/etc/vim/vimrc`. Uliyoikompaili hailijui faili hilo, inatafuta `vimrc` chini ya `share/vim` ya prefix yako. `:version` inaonyesha mahali pote inapotazama, kwenye mstari wa `system vimrc file`. Ama nakili unachokitaka kwenda `~/.vimrc`, na hilo ndilo ningelifanya.

Lakini mara tu `~/.vimrc` inapokuwapo, hata ikiwa tupu, Vim huacha kusoma `defaults.vim`, na rangi za sintaksia hupotea. Zirudishe kwa kuweka mistari hii juu kabisa ya faili:

```
unlet! skip_defaults_vim
source $VIMRUNTIME/defaults.vim
```